Kengele Isiyo na Mwanzo: Kolaji ya Sauti kwa Anayeanza

Shule nyingi za msingi huku Dodoma vijijini, kengele yao ni rimu ya gari. Imening'inizwa kwa waya kwenye tawi la mti, kipande cha nondo kimechomekwa kando, na mwanafunzi wa zamu akiigonga saa ya mapumziko hata mbuzi wa jirani wanajua. Moja nimeirekodi kwa simu, pigo moja tu la sekunde sita: ngo! ya chuma kwa chuma, halafu mvumo unaotetemeka na kufifia taratibu.

Kila nikipata kundi jipya la vijana wanaotaka kujifunza kuhariri sauti, somo la kwanza ni hiyo rimu. Naifungua kwenye laptopu, natafuta pale nondo inapogusa chuma, nakata robo sekunde ya mwanzo na kuitupa. Mvumo uliobaki nauanzisha polepole, usiingie kwa kishindo, kisha nawapigia wakiwa wameipa skrini kisogo. "Hiki ni nini?" Filimbi, anasema mmoja. Kinanda cha kanisani. Upepo kwenye nyaya za umeme. Safari moja binti mmoja alisema ni mtu anayeimba huku amefumba mdomo, na ukisikiliza tena huwezi kumbishia. Rimu haitajwi. Naurudisha ule mwanzo, napiga upya, darasa zima linacheka.

Sikio hukitambua kitu kwa namna kinavyoanza. Ile ngo! ndiyo kitambulisho, mvumo unaofuata, ukiuacha peke yake, ni wa yeyote. Mfaransa Pierre Schaeffer, mhandisi wa redio mjini Paris, aliliona jambo hili mwaka 1948 alipokuwa anarekodi kengele na kuliruka pigo lake. Mwaka huohuo alitengeneza kazi fupi kwa milio ya treni aliyoirekodi kwenye stesheni ya Batignolles, ikarushwa redioni Oktoba, na waandishi wengi wa historia huanza kuhesabu kolaji ya sauti kutoka hapo. Mimi huanzia Kairo. Mwaka 1944 Halim El-Dabh, Mmisri, aliazima kwenye kituo cha redio mashine iliyorekodi kwenye waya wa chuma, akawarekodi wanawake katika ngoma ya zar, ambayo kwetu tungeiita ya kupunga pepo. Akaingia studio, akaziondoa sauti zilizobeba wimbo, akabakiza mwangwi na mvumo. Ilikuwa miaka minne kabla ya Paris. Hakuwa na kompyuta, hakuwa hata na utepe wa sumaku wa kurekodia.

Nafundisha jioni, kwenye chumba cha kuazima pale Makole, Dodoma mjini, laptopu tatu kwa watu wanane. Nimeona walimu wanaoanza kwa kupitia vitufe vyote vya programu, kimoja baada ya kingine, na mwanafunzi anaondoka na orodha mkononi lakini hana sauti hata moja. Vitufe mtu anavizoea kwa siku mbili. Kinachomsumbua anayeanza ni kwamba ameshika vitu vinne akidhani ni kimoja: sauti aliyoisikia, sauti iliyorekodiwa, picha ya sauti kwenye skrini, na sauti itakayomfikia msikilizaji. Ukivitenganisha hivyo vinne, mengine yanajipa.

Kwanza niondoe mkanganyiko wa jina. Ukimwambia kijana wa mjini "tunakwenda kuhariri sauti", anawaza biti ya Bongo Fleva. Biti ina mapigo yanayojirudia, kila kitu kimekaa kwenye mistari ya hesabu. Taarifa ya redio nayo ina mtu anayeongea na kukushika mkono kutoka mwanzo hadi mwisho. Kolaji haina mapigo ya lazima wala msimuliaji. Ni vipande vya sauti vilivyotolewa mahali pake vikapewa majirani wapya, na maana inazaliwa kwenye huo ujirani. Mfano uko hapahapa mjini. Reli ya zamani ilifika Dodoma mwaka 1910. Ile ya umeme ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024. Chukua sekunde tatu za kichwa cha dizeli kikijikokota na mabehewa yakigongana, bandika baada yake sekunde tatu za treni ya umeme ikiondoka kwa mluzi mwembamba. Hujasema neno, lakini msikilizaji ameshapita zaidi ya miaka mia moja.

Sikio na simu

Simama kwenye mnada wa Msalato siku ya Jumamosi. Ng'ombe wanalia, pikipiki zinapita, spika za wauza dawa zinashindana, nyama inachomwa, na wewe bado unamsikia dalali anavyopandisha bei. Unamsikia kwa sababu akili yako imemchagua. Simu haichagui. Inabeba kila kitu kwa pamoja, na ukifika nyumbani ukisikiliza unashangaa dalali amekwenda wapi.

Dawa yake ni kusogea. Ukipunguza umbali kati ya simu na chanzo cha sauti kwa nusu, sauti unayoitaka inaongezeka kwa desibeli 6 hivi (desibeli ni kipimo cha nguvu ya sauti), na kelele za nyuma zinabaki palepale. Kutoka mita mbili hadi mita moja, kutoka mita moja hadi nusu mita: hakuna kitufe kwenye programu yoyote kitakachokupa faida hiyo ukishaondoka mnadani. Tena simu nyingi hujirekebisha zenyewe. Mtu akipiga kelele zinashusha usikivu, pakitulia zinaupandisha. Ndiyo maana baada ya kishindo utasikia kelele za nyuma zikipanda taratibu kama maji kwenye ndoo. Kama simu yako inaruhusu kulizima jambo hilo, lizime.

Halafu kuna upepo. Anayeishi Dodoma hahitaji kuelezwa. Upepo unaousikia kwenye majani na upepo unaogonga maiki ni vitu viwili: wa kwanza ni sauti, wa pili ni msukumo wa hewa kwenye ngozi nyembamba ya maiki, nao unatoka kama mtu anayekung'uta godoro. Uzito wake mwingi uko chini, kwenye mitetemo isiyofika hezi 100 au 200 (hezi ni idadi ya mitetemo kwa sekunde), kwa hiyo kichujio kinachopunguza sauti nzito kinasaidia. Kinasaidia tu. Ukiwa umeigonga maiki mpaka ikafika kikomo, hapo hakuna cha kuokoa. Wanafunzi wangu huvalisha simu soksi nene (safi, tafadhali), huupa upepo mgongo, hurekodi nyuma ya ukuta. Mmoja alirekodi ndani ya gunia tupu la mahindi, na ilifanya kazi vizuri kuliko nilivyotegemea.

Hapa ndipo wengi wanapogundua amri ya kupunguza kelele, na mapenzi yanaanza. Unaionyesha programu sekunde chache za kelele tupu, inazikariri, kisha inaziondoa kila mahali. Kwa mngurumo wa feni au friji ni sawa. Lakini kijana mmoja aliniletea rekodi ya mzee anayepiga ilimba, ile marimba kubwa ya vidole ya Wagogo, akasema ina kasoro: kuna kitu kinazizima kila mzee akigusa ulimi wa chuma. Alishaipitisha kwenye amri hiyo mara tatu. Kilichobaki kilikuwa kama ilimba inayopigwa ndani ya bomba la maji.

Kule kuzizima ndiko ilimba yenyewe. Fundi anatoboa tundu kwenye ubao, analifunika kwa utando wa buibui, makusudi, ili kila noti iwe na mkia unaonguruma. Hukwe Zawose, aliyeutoa muziki wa Kigogo nje ya mipaka mpaka alipofariki mwaka 2003, hakuuonea haya mngurumo huo. Kwa hiyo swali ninalowafundisha kuuliza kabla ya kusafisha chochote ni moja: kelele hii ni ya chombo, ya mahali, au ya simu yangu? Ya simu iondoe. Ya chombo iache ilivyo. Ya mahali ifikirie, kwa maana huenda ndiyo uliyoifuata.

Na usisahau kurekodi ukimya. Kila mnapofika, kabla ya kuondoka, dakika moja ya kusimama bila kuongea, simu ikiwa wazi. Vijana huona ni upuuzi hadi siku wanapotaka kuweka pengo la sekunde mbili kati ya vipande viwili. Pengo la programu ni sifuri kamili. Msikilizaji anadhani redio imezimika. Ukimya wa Chamwino una tetere, una majani makavu, una bodaboda moja mbali. Wa Majengo sokoni, hata alfajiri, una mwingine kabisa. Ukiupaka huo chini ya vipande vyako, viungo vinafichika kama plasta juu ya tofali.

Picha inavyodanganya

Programu ninayoitumia ni Audacity. Ni ya bure, ilianza mwaka 1999 katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, mikononi mwa Dominic Mazzoni na Roger Dannenberg, na inakubali kukaa kwenye laptopu iliyochoka. Kwenye simu haipo. Asiye na kompyuta anaweza kuanza na BandLab, mradi bando lipo. Tofauti zao si kubwa kwa kazi hii. Zote zinakuonyesha sauti kama mchoro unaokwenda kutoka kushoto kwenda kulia, na zote zinamfanya anayeanza ahariri kwa macho.

Mchoro huo ni nini? Kompyuta haina sauti ndani yake, ina vipimo. Mara 44,100 kila sekunde inaandika namba moja inayosema hewa ilikuwa imesukumwa kiasi gani. Namba hiyo haikuokotwa: sikio zima la kijana hufika hezi 20,000 hivi, na ili kulishika wimbi lolote unahitaji zaidi ya vipimo viwili kwa kila mzunguko wake. Ukiunganisha vipimo unapata wimbi, na wimbi likibanwa liingie kwenye skrini linaonekana kama kiwavi. Kiwavi mnene ni sauti yenye nguvu, mwembamba ni hafifu. Lakini unene hauonyeshi kama ni mtoto analia au lori linapita. Mlio mwembamba wa mbu unaweza kuwa kiwavi kidogo kabisa na ukawa ndicho kitu pekee msikilizaji anachokisikia.

Binti mmoja alikuwa ameungaunga mapigo ya nyundo ya mafundi bati. Kazi nzuri, ila kila kiungo kilitoa "tik" ndogo. Alidhani spika imekufa, akabadilisha hedifoni, akazima laptopu akawasha. "Mwalimu, imegoma." Tukavuta mchoro karibu, tena karibu, mpaka kiwavi kikawa uzi, na uzi ukawa nukta moja moja. Pale kwenye kiungo uzi ulikuwa juu, na nukta iliyofuata ilikuwa chini kabisa, hakuna cha kati. Tulikuwa tunaiamuru spika iruke kutoka kilele hadi bondeni kwa wakati usiofika sehemu moja ya elfu arobaini ya sekunde. Haiwezi. Inapiga tik.

Tiba ziko mbili. Kata pale uzi unapopita kwenye mstari wa katikati, mahali pa sifuri. Kwenye Audacity ukichagua kipande kisha ukabonyeza Z, kingo zake husogezwa zenyewe hadi hapo. Au fifisha: mwisho wa kipande cha kwanza ushuke na mwanzo wa cha pili upande, vikipishana kwa milisekunde kumi au ishirini. Wazee wa utepe walijua hili bila kuona mchoro wowote. Walikata utepe kwa wembe, na wakaukata mshazari, pembe ya digrii 45. Utepe wa upana wa milimita 6 na ushee, ukipita kwa mwendo wa sentimita 38 kwa sekunde, mshazari huo ni milisekunde 17 za sauti moja ikiondoka huku nyingine ikiingia. Mara nyingine namwachia mwanafunzi karatasi na mkasi akate mwenyewe. Baada ya hapo neno "kufifisha" halimchengi tena.

Ukitaka wacheke na wajifunze kwa wakati mmoja, wape mlio wa mbuzi waushushe mwendo kwa nusu. Muda unakuwa mara mbili, sauti inashuka oktavu nzima, na mbuzi anageuka kitu kinachokaribia ng'ombe mwenye huzuni. Kisha wape amri nyingine, ile inayobadilisha muda bila kugusa kimo cha sauti. Watu wengi huzichanganya amri hizi mbili mpaka wazisikie zikiwa pamoja.

Jiko na sahani

Kuna jioni kijana mmoja alimaliza kazi yake, akaihamishia kwenye flashi, akaenda nayo kwao Kongwa kuwaonyesha ndugu zake. Alipofungua, hakukuwa na kitu. Kosa lilikuwa langu, sikumweleza tofauti ya mradi na faili la sauti.

Mradi ni jiko. Ndani yake mna nyama mbichi, viungo, sufuria, na kumbukumbu ya kila ulichofanya. Kwenye matoleo ya Audacity ya kabla ya 2021 ulikuwa faili dogo la maelekezo na folda kubwa pembeni yenye sauti zenyewe. Yeye alikuwa amebeba maelekezo tu. Tangu toleo la 3 vyote vimo ndani ya faili moja linaloishia na aup3. Hata hivyo bado ni jiko. Mgeni humpelekei kuni na sufuria. Unampakulia: unatoa faili la WAV kama unataka ubora wote, au MP3 kama unabania bando.

Ukubwa nao uwekwe wazi mapema, maana flashi zetu si kubwa na umeme haungoji. Dakika moja ya WAV ya kawaida, biti 16 kwa kila kipimo, stereo (masikio mawili), ni kama megabaiti 10. (Biti hii si ile ya Bongo Fleva, nimechoka kuchekwa kwa hilo.) Ndani ya mradi Audacity huhesabu kwa biti 32, kwa hiyo dakika hiyohiyo inakula megabaiti 21. Traki kumi (traki ni mstari mmoja wa sauti ndani ya mradi) za dakika tano, tayari ni zaidi ya gigabaiti moja. Na kama simu imerekodi faili la M4A na programu inalikataa, kuna kijalizo kiitwacho FFmpeg; kiweke siku ya kwanza, usingoje mtu alie.

Sasa viwango. Kwenye dunia ya kompyuta kilele ni desibeli 0, na kila kitu kiko chini yake, kwa hiyo namba ni hasi. Kushuka kwa desibeli 6 ni kupunguza ukubwa wa wimbi, kutoka mstari wa katikati hadi kileleni, kwa nusu. Anayeanza hupandisha kila traki mpaka ikaribie 0 ili "isikike", kisha anaziweka nane pamoja. Traki zinajumlishwa. Kila idadi ya sauti zenye nguvu sawa inapoongezeka mara mbili, jumla hupanda kwa desibeli 3 hivi. Nane zinakupa 9 juu ya moja. Ndani ya mradi vipimo haviharibiki, zile biti 32 zina nafasi ya kutosha. Ukipakua kwenda WAV ya biti 16, kila kilichozidi 0 hukatwa kichwa bapa, na kolaji yako inakwaruza kama spika ya daladala mbovu. Naanza na kila traki ikiwa na kilele cha desibeli 12 chini ya sifuri, halafu nashusha. Sipandishi. Kama kitu hakisikiki, natafuta kinachokifunika nakishusha hicho.

Dakika moja, sauti tatu

Baada ya yote hayo mtu bado hajatengeneza kolaji. Ana vipande visafi na viungo visivyopiga tik. Zoezi ninalolitoa lina masharti makali kidogo: dakika moja, sauti tatu tu, hakuna muziki wa kuazima, hakuna maneno ya kueleza. Ukitaka kuongeza ya nne, ondoa moja. Wanalalamika. Wanataka kuweka soko, mvua, adhana, treni, mtoto, jenereta, vyote kwa pamoja kuanzia sekunde ya kwanza hadi ya sitini. Huo ni mnada, na mnada tayari upo Msalato, hauhitaji laptopu.

Kabla ya kugusa kipanya, nawaambia wasikilize rekodi zao mara tatu bila skrini na kuandika kwenye daftari walichosikia na dakika yake. Mara ya tatu ndipo wanaposikia kitu ambacho hawakujua wamekirekodi. Kijana wa bodaboda alikuwa amemrekodi dalali wa mbuzi. Kwenye daftari lake, mstari wa mwisho, aliandika: "3:41 kisu na jiwe." Nyuma ya dalali mchoma nyama alikuwa ananoa kisu, polepole, shwii, shwii, na kijana alikuwa amesimama mita nne kutoka kwake bila kumwona.

Alichokitengeneza kilikuwa hivi. Kisu kinaanza peke yake, mara tatu, pengo la ukimya wa mnada kati ya kila mpapaso. Kwenye sekunde ya tisa dalali anaingia akiwa mbali, amesukumwa upande wa kushoto, anataja bei. Kila bei inapopanda, mpapaso wa kisu unasogea karibu na uliotangulia: mwanzo sekunde mbili na nusu, baadaye mbili, baadaye moja. Hakukigusa kisu chenyewe, alipunguza mapengo tu. Sauti ya tatu ilikuwa kengele ya shingoni ya mbuzi, iliyokatwa mwanzo wake kama ile rimu, ikivuma chini kabisa tangu sekunde ya ishirini bila mtu kujua ni nini. Bei ya mwisho inatajwa, kila kitu kinakatika, mvumo unabaki.

Ukiitazama kwenye skrini utaona nafasi tupu nyingi. Nafasi hizo ndizo zilizomchukua muda. Alikuwa na toleo lenye traki kumi na moja, na kila jioni alikuwa anakuja anafuta. Kazi yangu mimi ilikuwa kukaa nyuma ya kiti chake na kuuweka mkono wangu mbali na kipanya. Ni vigumu kuliko inavyosikika. Mwalimu akishika kipanya mara moja "nikuonyeshe tu", kazi si ya mwanafunzi tena, na wote wawili mnajua.

Ruhusa sitaizungumzia kirefu. Dalali aliombwa, akakubali, akataka asikilizishwe, akasikilizishwa. Mtu anayetambulika kwa sauti yake aombwe. Msibani simu ibaki mfukoni. Adhana na sala ukizirekodi zikiwa sehemu ya mji ni jambo moja. Kuzikatakata na kuzigeuza kinyumenyume ni jingine, na mimi darasani kwangu silifanyi. Wimbo wa msanii unaovuja kutoka baa ya jirani bado ni mali yake, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ipo tangu 1999. Maeneo ya ulinzi na ya serikali, usijaribu bila kibali.

Limebaki lile la nne, sauti itakayomfikia msikilizaji. Kazi imetengenezwa kwa hedifoni, lakini ndugu na marafiki wataisikiliza kwa spika ya simu iliyo ndogo kama punje ya mahindi. Spika hiyo haina nguvu kwenye sauti nzito. Ngoma za muheme, zile wanawake wanazozibana mapajani, zikifika huko kishindo chake kinatoweka na kubaki mlio wa kiganja kwenye ngozi. Kama ulikuwa umeuondoa mlio wa kiganja ili ngoma iwe "nzito", umebaki bila ngoma. Ukituma kwa WhatsApp, tuma kama dokumenti, vinginevyo faili huenda likabanwa njiani. Na kabla hujatuma, zima laptopu, chukua simu mbovu kuliko zote chumbani, toka nayo nje usikilize.

Kijana wa kisu aliisikilizia kazi yake kwenye simu ya mama yake, nje, upepo wa jioni ukivuma. Kisu kilisikika. Dalali alisikika. Mvumo wa kengele ulipotelea kwenye upepo, na mama alipoulizwa mwisho amesikia nini akasema, "Si umekatika?" Siku ya pili alirudi Makole, akaufungua mradi, akaenda hadi sekunde ya 52 na kuirudishia kengele mwanzo wake, pigo moja tu.